Tangazo Likitoka, Uwe Umeshajiandaa

Hotuba kwa jumuiya ya chuo katika wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo

Ndugu wahadhiri, wafanyakazi wenzangu wa kila idara, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na ninyi wanafunzi mliojaza ukumbi huu mpaka ngazini: karibuni katika mwaka mpya wa masomo.

Nimepewa nafasi ya kuwaeleza yanayokuja mwaka huu. Kuna mihadhara ya wazi, mashindano, ufadhili wa masomo, mafunzo tarajali, safari za kubadilishana wanafunzi. Ningeweza kusoma orodha nzima mpaka jua lizame, nanyi mngetoka hapa na kurasa mbili za maandishi ambazo hamtazifungua tena. Ratiba ipo kwenye mbao za matangazo na mtatumiwa kwenye simu. Mimi nataka kusema jambo moja ambalo naliona kila mwaka, na kila mwaka linaniuma. Vijana wenye sifa zote wanakosa fursa kwa sababu walianza kujiandaa siku ile walipoliona tangazo, na siku hiyo huwa wameshachelewa.

Chukua tangazo la kawaida la ufadhili. Wanataka nakala ya matokeo iliyothibitishwa na chuo, barua mbili au tatu za mapendekezo, pasipoti, cheti cha mtihani wa lugha, na insha ya kujieleza. Muda uliobaki ni wiki nne, pengine sita. Sasa piga hesabu. Pasipoti ina foleni yake. Mtihani wa lugha una tarehe zake, na matokeo hayatoki siku hiyohiyo. Msajili ana maombi ya watu wengine mezani. Mhadhiri unayemtaka akuandikie barua amezungukwa na mabunda ya mitihani ya kusahihisha. Kila kimoja kikiwa peke yake ni jambo jepesi. Vikikutana vyote ndani ya wiki nne, mtu mwenye alama za juu kabisa anaonekana akikimbia koridoni machozi yakimlengalenga. Nimewaona watu hao. Wengine wamebisha hodi mlangoni kwangu jioni, wakati mfumo wa maombi unafungwa saa sita usiku wa siku hiyo.

Fursa kubwa nyingi, hata hivyo, zina tabia moja inayotusaidia: hurudi kila mwaka, katika msimu uleule. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, kwa kawaida hufungua dirisha la maombi Agosti na kulifunga mwanzoni mwa Oktoba. Programu za uzamili za Erasmus Mundus, ambazo humfanya mwanafunzi asome katika nchi zaidi ya moja, nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Kwa wanaoandika programu za kompyuta, ipo Google Summer of Code, mpango wa kuchangia miradi ya programu huria, tangu mwaka 2005: mashirika yatakayoshiriki hutangazwa Februari, na maombi ya washiriki hufuata kati ya Machi na Aprili. Tarehe zinasogea kwa siku chache, msimu haubadiliki. Kwa hiyo ukikuta tangazo limeshafungwa, usilipite tu. Liandike kwenye kalenda ya mwakani, nusu mwaka kabla ya siku ya mwisho, kisha anza.

Na masharti yasomwe mpaka mstari wa mwisho, maana humo ndimo watu wanamojinyima wenyewe. Wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho wanadhani hawawezi kuomba Erasmus Mundus mpaka wahitimu. Wanaruhusiwa, ilimradi shahada iwe mkononi kabla ya masomo kuanza. Anayesubiri mahafali anapoteza mwaka mzima bure. Chevening kwa upande wake hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili, kwa hiyo haimhusu aliyeko mwaka wa pili. Inawahusu ninyi wakutubi vijana, wasaidizi wa maabara, maafisa wa ofisi zetu mliokaa huko nyuma mkidhani hotuba hii ni ya wanafunzi. Rhodes, ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ina ukomo wa umri, na mtu anayesema ataomba akishatulia kazini anaweza kukuta umri umeshapita. Gates Cambridge, ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge ulioanza mwaka 2000, hupokea raia wa nchi yoyote isipokuwa Uingereza yenyewe. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya lugha ya Kiingereza, hukubalika kwa miaka miwili, basi mtihani huo usiufanye mwaka wa kwanza kwa pupa, wala usiuache mpaka wiki ya mwisho.

Nimetaja Rhodes, na nimeona nyuso kadhaa zikikunjamana. Mna haki. Fedha ile ilitokana na wosia wa Cecil Rhodes, mtu aliyejenga utajiri na mamlaka juu ya ardhi na migongo ya Waafrika, aliyefariki mwaka 1902. Wanawake hawakuruhusiwa kuomba mpaka mwaka 1977. Mwanzoni mwa karne hii ikaundwa Mandela Rhodes Foundation, inayowasomesha vijana wa Afrika shahada za juu katika vyuo vya Afrika Kusini. Sitamwambia mtu aombe au asiombe. Namtaka aijue historia ya mlango anaoukaribia, aingie au apite akiwa na jibu lake mwenyewe. Kamati za usaili, kwa taarifa yenu, huuliza.

Sasa niwaeleze kuhusu barua za mapendekezo, maana hapo ndipo maandalizi ya mapema yanapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Mimi huandika barua hizi kila mwaka. Anakuja mwanafunzi, ana alama nzuri, amekaa darasani kwangu muhula mzima, na sijawahi kuisikia sauti yake. Nitaandika nini? Nitaandika kwamba alihudhuria vipindi, alifaulu vizuri, ana nidhamu. Ni kweli tupu, na haimsaidii, kwa sababu kwenye meza ya kamati kuna mamia ya barua zenye maneno hayohayo. Sasa tuseme mwanafunzi mwingine, alama zake ziko chini kidogo, lakini siku moja tulipokuwa tukisoma jedwali la matokeo ya utafiti alinyoosha mkono akauliza: waliokataa kuhojiwa tumewaweka wapi? Darasa likanyamaza, tukarudi kwenye jedwali, tukagundua kwamba asilimia tuliyokuwa tunaijadili ilihesabiwa kwa walioitikia tu. Huyo nitamwandikia ukurasa mzima bila kutafuta maneno. Nitaandika swali lenyewe, nitaandika lilitupeleka wapi. Msomaji wa barua ile, hata akiwa upande mwingine wa dunia, atamwona mtu.

Barua yako, kwa hiyo, inaanza kuandikwa leo, katika kiti ulichokalia darasani. Nenda kwa mhadhiri wako katika saa alizotenga kuonana na wanafunzi, hata kama huna tatizo. Nenda na swali juu ya kile alichofundisha. Wengi wetu hukaa ofisini saa hizo peke yetu, tukisubiri. Na siku ya kuomba barua ikifika, mletee wasifu wako, nakala ya matokeo, tangazo lenyewe na rasimu ya insha yako, wiki tatu kabla kwa uchache. Usimwombe kwa ujumbe wa simu saa nne usiku. Mhadhiri akisita, mshukuru utafute mwingine, kwa sababu barua iliyoandikwa kwa kusita husomeka hivyo.

Insha nayo nisiipite. Nimesoma nyingi mno zinazoanza kwa sentensi kama hii: “Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya kuisaidia jamii yangu.” Sitilii shaka moyo wa aliyeiandika. Lakini sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na yeyote kati yenu, na kamati inatafuta ile ambayo wewe peke yako ungeiandika. Ulifanya nini, lini, na nani, kikatokea nini? Kama uliendesha kikundi cha kujisomea, sema mlikuwa wangapi, mlikutana wapi, mlikwama kwenye mada gani, na mlitokaje. Andika rasimu ya kwanza mwezi huu, hata kama hujui utaomba nini. Iache wiki mbili. Ukirudi utaona mwenyewe maneno gani yamekaa tu hayana kazi.

Nije kwenye matukio ya hapa chuoni, na nianze na mihadhara ya wazi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Tunamwalika mtu, tunaandaa ukumbi, viti vya mbele vinabaki vitupu. Wanafunzi huuliza: itahesabiwa kwenye alama? Haitahesabiwa. Lakini mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti juu ya namna watu wanavyopata habari za kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, chini ya mmoja kati ya watano walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walimwona kwa nadra, au kwa vipindi tu. Sababu inaeleweka ukiifikiria: rafiki yako wa chumba kimoja anasikia yaleyale unayoyasikia wewe. Habari mpya inatoka kwa mtu wa idara nyingine, kwa mhitimu wa miaka mitano nyuma, kwa mgeni uliyemuuliza swali baada ya mhadhara ukabaki dakika kumi mkizungumza mlangoni. Watu hao wanapatikana kwenye mihadhara ya wazi, na kiingilio ni bure.

Mwanzoni mwa Oktoba, Tuzo za Nobel zitakapokuwa zinatangazwa, idara zetu za sayansi, fasihi na uchumi zitakuwa na mazungumzo mafupi ya kueleza walioshinda walifanya nini hasa. Njooni hata kama somo si lenu. Mwanafunzi wa sheria akielewa kwa nini ugunduzi fulani wa kemia umetuzwa, hajapoteza jioni yake.

Halafu mashindano. Lipo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa uzamivu alikabili: shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu, ambalo Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kililianzisha mwaka 2008. Asili yake inavutia. Jimbo la Queensland lilikuwa na ukame, watu wakahimizwa kubana maji, na wengi wakaweka saa ndogo bafuni ya kuwakumbusha kwamba dakika tatu za kuoga zinatosha. Kutoka kwenye saa hiyo likaja wazo: je, mtafiti anaweza kueleza kazi ya miaka yake yote kwa muda huo? Leo shindano hilo linafanyika katika mamia ya vyuo duniani. Masharti yake ni makali. Slaidi moja tu, isiyosogea. Hakuna sauti ya kurekodi, hakuna vifaa vya kuonyesha. Ukizidisha dakika tatu, umeondolewa.

Nawaambia, ni zoezi gumu kuliko utetezi wa tasnifu. Mbele ya kamati ya utetezi unaweza kujificha nyuma ya istilahi. Mbele ya ukumbi wenye watu wa kila fani, sekunde arobaini za kwanza zikipita hujaeleza tatizo ni la nani na kwa nini lisumbue, umewapoteza. Anayejiandaa vizuri hujikuta ameelewa upya utafiti wake. Wakati wa kukata maneno ndipo anapogundua kwamba sura nzima ya tatu haikuwa na jibu la swali aliloanza nalo. Na dakika hizo tatu, ukishazipata, utazitumia maisha yako yote: kwenye usaili, kwa mfadhili, kwa mwandishi wa habari, kwa mama yako anayeuliza kila likizo unasomea nini hasa. Mchujo wa hapa chuoni utafanyika muhula wa pili. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, njooni mtazame, mtajua utafiti ni kitu gani.

Kwa walio sheria, mashindano ya Jessup yapo tangu mwaka 1960. Timu hutetea pande zote mbili za mgogoro wa kubuniwa kati ya nchi mbili, kana kwamba wako mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kesi yenyewe hutolewa mapema katika mwaka wa masomo, na anayeisubiri Januari ndipo aanze kuisoma hatakuwa na timu. Kwa wa kompyuta, ICPC, mashindano ya kimataifa ya vyuo ya kuandika programu: watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Kompyuta ni moja kwa makusudi, kwa hiyo fanyeni mazoezi pamoja, maana mahodari watatu wasiozoeana hushindwa na wa kawaida watatu wanaojuana. Kwa wapenda midahalo, mfumo unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya vyuo vikuu huwapa wasemaji dakika kumi na tano tu tangu kuisikia hoja mpaka kuanza. Dakika hizo hazitoshi kusoma chochote. Unaingia na ulichokwishasoma mwaka mzima.

Michezo, kwaya, vyama vya taaluma na vya kujitolea vina meza zao nje ya ukumbi. Chagueni viwili, msichague saba.

Mafunzo tarajali ni suala linalonipa shida kidogo, na nitalisema wazi. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hupokea wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, wa uzamili na wa uzamivu, pamoja na waliohitimu ndani ya mwaka mmoja. Jina lake ni kubwa kwenye wasifu. Lakini hailipi mshahara, na nauli, malazi na chakula ni juu yako, isipokuwa ukipata mfadhili. Maana yake ni kwamba nafasi iliyotangazwa kwa wote inachukuliwa zaidi na mwenye familia ya kumtunza. Siipendi hali hiyo, na nimeziomba idara zetu, kila zinapotafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi, zitangulize panapolipa hata posho ya nauli. Kwa asiye na uwezo wa kusafiri, upo mpango wa kujitolea mtandaoni wa Umoja wa Mataifa, unaoendeshwa na UNV, shirika lililoanzishwa mwaka 1970. Mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anaweza kutafsiri, kuhariri, kuchora ramani au kusanifu kurasa kwa mashirika ya mbali akiwa chumbani kwake bwenini. Kazi ni ya kweli na inaingia kwenye wasifu.

Hapo nigusie matapeli, kwa sababu kila mwaka tunapata majeruhi. Msimu wa ufadhili unapofika, na wao wanafika. Dalili ni zilezile: barua pepe inakupongeza kwa kupata nafasi ambayo hukuiomba, lugha imejaa haraka, na mwisho unatakiwa ulipe kitu, wakakiita ada ya usindikaji au ya kuthibitisha nafasi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira yake. Chevening na Rhodes hazitozi ada ya maombi. Vyuo vingine, ni kweli, hutoza ada halali ya kuomba udahili, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Basi nenda kwenye tovuti rasmi ya chuo kwa kuiandika mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa. Walio uzamili na uzamivu, jihadharini na makongamano yanayowasifu kwa barua pepe na kuwaita wazungumzaji wakuu, kisha yanadai malipo kabla hata hayajasoma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wako. Muulize msimamizi wako, au nenda maktaba. Wakutubi wetu wanaweza kukuonyesha namna ya kupima jarida au kongamano kwa nusu saa. Nusu saa hiyo inaweza kukuokolea posho ya muhula.

Zipo pia siku za mwaka ambazo chuo kitaziadhimisha. Mnazijua nyingi. Moja naomba mwaka huu isipite kama sikukuu ya picha tu: tarehe 17 Novemba, Siku ya Kimataifa ya Wanafunzi. Mwaka 1939, jijini Prague lililokuwa chini ya Wanazi, mwanafunzi wa udaktari Jan Opletal alipigwa risasi katika maandamano ya kupinga uvamizi, akafariki baadaye kwa jeraha hilo. Mazishi yake yakageuka maandamano mengine. Alfajiri ya tarehe 17 Novemba mabweni yakavamiwa, watu tisa wakauawa bila kesi, wanafunzi zaidi ya 1,200 wakapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani, na vyuo vikuu vya Wacheki vikafungwa. Siku hiyo ikatangazwa kuwa ya wanafunzi mwaka 1941, mjini London, na wanafunzi waliokuwa uhamishoni. Serikali ya wanafunzi, mna wiki za kutosha. Pangeni usomaji, pangeni mjadala juu ya uhuru wa kusoma, waalikeni walimu wa historia.

Tarehe 11 Februari ni siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, na maabara zetu zitakuwa wazi kwa wageni. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wapo wanaotafiti na kuandika kwa lugha hii. Waandae ikisiri zao tangu Machi.

Nimalizie na walioko upande wa kutangaza. Wakuu wa idara, makatibu, viongozi wa madarasa. Tukiwasisitiza wanafunzi wajiandae mapema huku sisi tukikalia matangazo, tunawaonea. Simameni mbele ya ubao wetu mkubwa mtazame. Karatasi juu ya karatasi, ya juu imefunika tarehe ya ile ya chini, na pembeni inachungulia nusu ya neno “ufadhili”. Nyingine zimeandikwa kwa herufi ndogo ambazo asiyeona vizuri hatazisoma. Mwanafunzi wa masomo ya jioni anafika hapa giza limeingia, anaondoka giza limezidi. Ubao ule kwake haupo. Asiyesikia hakujua kwamba mhadhara wa wiki iliyopita ulitangazwa kwa kipaza sauti. Na fursa nyingine hazifiki hata ubaoni. Zinaishia kwenye simu ya mtu mmoja, ambaye anawatumia watu watatu.

Tumekubaliana na ofisi ya msajili kwamba kuanzia muhula huu kila tangazo la fursa litakuwa na mambo haya juu kabisa: nani anaweza kuomba, siku ya mwisho, nyaraka zinazotakiwa, na ofisi ya kuuliza. Litatumwa kwa maandishi kwa madarasa yote, ya mchana na ya jioni, ndani ya siku mbili tangu lipokelewe. Lililokwisha muda litabanduliwa. Mkiona idara haifanyi hivyo, njooni mniambie, na mje na karatasi yenyewe.

Nanyi wanafunzi, ukipata tangazo, lipeleke kwa wenzako hata kama unaomba na wewe. Najua hofu iliyopo: nikimwambia, atanipita. Katika miaka yote niliyokaa kwenye kamati za uteuzi, sikumbuki mwombaji aliyekosa kwa sababu mwenzake wa darasa aliomba. Nakumbuka wengi waliopata kwa sababu walisomeana insha usiku, mmoja akamwambia mwenzake ukweli kuhusu aya yake ya pili.

Sasa mambo ya utekelezaji. Ofisi ya ushauri wa wanafunzi itakuwa wazi mchana wote, na jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya wasomao jioni. Kutakuwa na mtu wa kukusaidia kupitia wasifu na insha. Njoo na rasimu iliyoandikwa, hata iwe mbovu kiasi gani. Wanaolenga maombi ya kati ya Oktoba na Januari waombe nakala za matokeo kwa msajili wiki hii. Wanaohitaji barua kutoka kwangu walete nyaraka zao kabla ya mwisho wa mwezi. Wa mwaka wa kwanza, ninyi bado hamna cha kuomba, kwa hiyo kesho nendeni kwa mhadhiri mmoja mkajitambulishe, na mwende na swali.

Meza za vyama ziko tayari nje. Asanteni sana kwa kunisikiliza.